Kutoka bruda hadi banda la nje: shajara ya kuku 38, siku ya 21 hadi ya 70

Kundi ni vifaranga wa kuku wa mayai. Waliingia 40, wamebaki 38. Bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, ina mita 1.5 kwa 2.4 na taa moja ya joto. Banda la nje lina mita 3 kwa 3, na mbele yake kuna uwanja wenye uzio wa mita 4 kwa 10. Siku zinazotajwa ni umri wa kuku.

Kuhamisha kuku huonekana kama kazi ya jioni moja. Lakini kifaranga akihama, mambo matano humbadilikia kwa mpigo: joto, mwanga, sakafu, vimelea vya udongo na, kwa wafugaji wengi, chakula. Kila moja peke yake analimudu. Yakimjia pamoja anaacha kula, na asiyekula ndiye anayetangulia kuugua. Ratiba hii imepangwa ili mambo hayo yasikutane, na pale yalipokutana imeandikwa pia.

Siku ya 21

Joto chini ya taa, likipimwa usawa wa mgongo wa kifaranga, ni nyuzi 27. Wiki ya kwanza lilikuwa 33, na limeshushwa nyuzi 3 kila wiki kwa kuinua taa. Kipimajoto kinasaidia, ila mwamuzi ni namna wanavyolala. Wakirundikana chini ya taa wana baridi. Wakiikimbia na kutanua mabawa wana joto. Wakijibanza wote upande mmoja, upande wa pili kuna upenyo wa upepo. Usiku huu wamelala wametawanyika.

Manyoya ya mabawa na mkia yametoka. Mgongo, shingo na tumbo bado ni malaika matupu, yale manyoya laini ya utotoni, na malaika hayazuii mvua wala upepo.

Leo wamewekewa bonge la udongo lenye nyasi, ukubwa wa sahani, lililokatwa kwenye uwanja wa nje. Litabadilishwa kila baada ya siku tatu. Sababu ni koksidia. Vimelea hivi vimo karibu kila udongo uliowahi kukanyagwa na kuku, na kinga dhidi yake hujengeka kwa kukutana navyo kidogo kidogo. Kifaranga aliyekaa juu ya maranda makavu wiki sita bila kugusa udongo hukutana na jeshi zima siku ya kwanza ya kutoka. (Kama uwanja ulikuwa na kuku waliougua miezi ya karibuni, hatua hii iachwe kabisa.) Pembeni kuna kikopo cha changarawe za milimita 2 hadi 3, maana nyasi hazisagiki ndani ya firigisi isiyo na mawe.

Siku ya 24: ukaguzi wa banda

Umefanyika mapema makusudi. Kasoro inayogunduliwa siku ya kuhamia haitengenezwi, huzibwa kwa gunia.

Wavu. Uwanja na madirisha yote vilifungwa waya wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita. Waya huo unamzuia kuku asitoke, basi. Mbwa huupasua, nyoka na panya hupita bila kuinama. Kuanzia ardhini hadi mita 1 umeongezwa wavu mgumu wa kuchomelewa, matundu milimita 12, na madirisha yote yamefungwa huo huo. Umekazwa kwa skrubu na vibati vya mviringo kila sentimita 15. Pini za stepla zinashika vizuri ukivuta kutoka nje. Mnyama anayesukuma kwa mguu usiku kucha huzing'oa moja baada ya nyingine.

Chini ya uzio wavu haukuzikwa wima, umelazwa kuelekea nje kama sketi ya sentimita 50, kisha ukafunikwa udongo kidogo na mawe. Mnyama anayechimba huanzia mguuni mwa uzio. Akikuta wavu chini ya kucha hujaribu tena hapo hapo kando, hana akili ya kurudi nyuma nusu mita aanze upya. Sketi ina kazi ndogo kuliko mtaro na inafanya kazi ile ile.

Hewa. Kuta ni ngumu hadi sentimita 60 kutoka sakafuni. Chini ya mapaa, pande mbili zinazotazamana, kuna nafasi wazi ya sentimita 30 kwa urefu wote wa mita 3. Jumla ni mita za mraba 1.8, yaani sehemu moja ya tano ya eneo la sakafu. Hewa ipite juu ya vichwa vya kuku, isiwapige ubavuni. Watu huchanganya vitu hivi viwili: upepo unaompiga kuku aliyelala ni adui, hewa inayozunguka juu yake ni lazima.

Fito za kulalia. Tatu, kila moja mita 2.7, upana sentimita 5, kingo zimepigwa randa zikawa za mviringo. Kuku mzima anahitaji kama sentimita 18, kwa hiyo mita 8.1 zinawatosha 38. Zimewekwa sentimita 25 tu kutoka sakafuni. Zitainuliwa baadaye. Fito zote ziko kimo kimoja, kwani zikiwa ngazi wote hugombea ya juu.

Viota vimezibwa kwa mbao. Vikiachwa wazi watavigeuza vitanda, na kuku aliyezoea kulala kiotani anakitia kinyesi hata baada ya kuanza kutaga.

Mlango: komeo lilikuwa la kugeuza tu. Limeongezewa pini.

Siku ya 28

Taa imezimwa mchana, inawashwa usiku pekee. Manyoya ya mabega yamefunga, shingo bado.

Saa tano asubuhi wametolewa nje kwa mara ya kwanza ndani ya kizimba chepesi kisicho na sakafu, juu ya nyasi zilizokatwa fupi, kwa saa moja. Nusu ya kizimba imefunikwa kwa ajili ya kivuli na mwewe. Nyasi ndefu ni hatari: humezwa kama kamba na kujisokota kwenye gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, likaziba.

Siku ya 30

Mvua. Hawakutoka.

Siku ya 33

Usiku wa kwanza bila taa kabisa. Kiwango cha chini ndani ya chumba kilikuwa nyuzi 19. Walilia kwa sauti ya juu kama nusu saa, kisha wakatulia wakiwa wamekaribiana bila kupandana. Kilio hicho ni cha giza kuliko baridi. Anayekimbilia kuwasha taa anawafundisha kulia, na inabidi aanze upya kesho yake.

Taa imeachwa ikining'inia ila haina umeme. Joto likishuka chini ya nyuzi 15 itawashwa.

Siku ya 36

Maranda yanayozunguka chombo cha maji yameloa. Kipimo ni kukamata ngumi moja na kuibana: yakibaki donge baada ya kufungua kiganja, yana maji mengi mno. Yakisambaratika polepole yako sawa. Yaliyoloa yametolewa yote, na chombo kimewekwa juu ya fremu ya mbao yenye wavu ili yanayomwagika yaangukie chini ya wavu, kuku wasiyafikie. Mdomo wa chombo uko usawa wa mgongo wa kuku. Ukiwa chini zaidi wanaparura uchafu ndani, ukiwa juu wanachuruza maji wanapoinua kichwa.

Siku ya 39: uzito

Wamepimwa kumi bila kuchagua. Wastani ni gramu 410. Nane kati yao wako ndani ya asilimia 10 juu au chini ya wastani, yaani kati ya gramu 369 na 451. Huo ni ulinganifu mzuri. Wawili wako nyuma, mdogo kabisa ana gramu 330.

Swali lilikuwa kama wadogo wabaki bruda wiki moja zaidi. Uamuzi: wanahama wote. Kuku aliyetengwa siku saba hurudi akiwa mgeni, na atadonolewa zaidi ya alivyokuwa akidonolewa kwa udogo wake. Dawa ya wadogo ni nafasi ya kula. Vihori viwili vya sentimita 60 vinavyoliwa pande zote mbili vinatoa sentimita 240, zaidi kidogo ya 6 kwa kila kuku. Hakuna atakayesubiri zamu.

Siku ya 41

Kabla ya kuhamisha, haya yote yawe yametimia: manyoya yamefunga mgongo, shingo na kifua (yageuzwe kwa vidole, ngozi isionekane kwa urahisi), usiku saba bila joto wamelala vizuri, nje usiku joto halishuki chini ya nyuzi 15, hakuna anayekohoa wala kuharisha, na hakuna chanjo iliyotolewa siku tano zilizopita. Yote yako sawa. Sakafu ya banda imemwagwa maranda makavu, unene sentimita 8, takriban magunia saba ya lita 100. Juu yake yametandazwa makoleo mawili ya maranda makavu ya bruda. Harufu wanayoijua inawatuliza.

Chakula hakibadilishwi. Ni kile kile cha vifaranga, ndani ya vihori vile vile.

Siku ya 42: kuhama

Wengi hushauri kuhamisha usiku, kuku wakiwa wamepoa. Kwa kuku wakubwa wanaohama banda moja kwenda jingine ni sawa. Kwa hawa ambao hawajawahi kuliona banda, usiku una ubaya wake: asubuhi wanaamka mahali wasipojua maji yalipo. Kazi imeanza saa tisa na nusu alasiri, imekwisha saa kumi na nusu, na jua lilizama karibu saa kumi na mbili na nusu. Walikuwa na saa mbili za kuchunguza.

Makreti manne yametumika, kuku tisa au kumi kila moja. Wamekamatwa kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamebanwa mwilini. Kuku wa umri huu hashikwi mguu mmoja, nyonga huteguka. Kila kreti lilipofunguliwa, kuku watatu wa mwanzo walichovywa ncha ya mdomo kwenye maji. Wengine huwafuata. Mlango mdogo wa kwenda uwanjani umefungwa na utabaki hivyo.

Saa mbili usiku: zaidi ya ishirini wamerundikana kwenye pembe iliyo karibu na mlango, tabaka mbili. Hiki ndicho kiuaji kikuu cha usiku wa kwanza, na wanaokufa ni wa chini, kwa kukosa hewa, bila kelele. Kilichowapeleka pale si baridi (nyuzi 20). Bruda ilikuwa na pembe za mviringo za kadibodi, banda lina pembe kali, na kuku aliyeingiwa na hofu gizani husukuma mbele hadi anapogota. Wametawanywa kwa mkono. Pembe zote nne zimekingwa kwa vipande vya plaiwudi vya kimo cha sentimita 40 vilivyoegeshwa kwa mshazari, na nyuma yake pamejazwa maranda ili asitumbukie kuku. Taa hafifu isiyo na joto imewekwa katikati ya paa. Kazi hii ilitakiwa iwe kwenye ukaguzi wa siku ya 24.

Saa tano usiku: marundo mawili madogo, tabaka moja. Hakuna aliyekufa.

Siku ya 43

Asubuhi wamekula gramu 900 tu. Bruda walikuwa wakimaliza kilo 1.6 kwa siku, na leo mpaka jioni wamefika kilo 1.3. Maji lita 3. Kushuka kwa siku moja ni kawaida. Kushuka siku ya pili kungekuwa dalili.

Siku ya 44

Chakula kimerudi kilo 1.6. Wanane wamelala juu ya fito. Waliobaki wako chini karibu nazo. Gizani wamepandishwa sita zaidi kwa mkono. Hakuna haja ya kuwapandisha wote, wanaigana.

Siku ya 46

Asubuhi mabati yanachuruzika maji upande wa ndani, na ukichuchumaa kichwa kikawa kimo cha kuku, macho yanawasha. Ukiwa umesimama husikii kitu. Usiku uliotangulia ulikuwa wa upepo, na nafasi ya juu upande mmoja ilizibwa kwa turubai ili "wasipate baridi". Kuku 38 hupumua maji mengi, kinyesi huongeza mengine, na unyevu usipopata pa kutokea hukaa kwenye maranda, nako bakteria hugeuza kinyesi kuwa amonia. Amonia huunguza koo na kufungua njia ya magonjwa ya mafua. Kuku mwenye manyoya kamili aliye mkavu anavumilia baridi vizuri kuliko aliyelowa kwa unyevu wa hewa. Turubai limetolewa. Maranda ya juu yamegeuzwa kwa reki na gunia moja jipya limeongezwa. Jioni harufu imekwisha.

Siku ya 48: mlango mdogo wafunguliwa

Siku sita ndani zimetosha kulifanya banda kuwa kwao. Mlango umefunguliwa saa kumi na nusu jioni, kabla ya chakula cha mwisho. Ukifunguliwa asubuhi wanakuwa na kutwa nzima ya kusahau walikotoka. Ukifunguliwa jioni wakiwa na njaa kidogo, giza na kihori vinawaita upande mmoja.

Wa kwanza alitoka baada ya dakika kumi na mbili. Saa kumi na mbili jioni chakula kilimwagwa ndani kwa kelele ya debe ile ile ya kila siku. Walirudi 31. Saba walijipanga kwenye uzio, upande unaotazama bruda. Wameingizwa kwa mkono kupitia mlango mdogo wenyewe, si mlango wa mtu, ili njia waijue.

Siku ya 49

Wanne nje.

Siku ya 50

Mmoja.

Siku ya 51: damu

Madonge matatu ya kinyesi yenye damu mbichi. Kuku wawili wamejikunyata, manyoya yamesimama, mabawa yanaburuta.

Kabla ya kuita koksidiosisi, yaani ugonjwa wa koksidia, itofautishwe na mambo mawili yasiyo ugonjwa. Kila kuku hutoa mara chache kwa siku kinyesi laini cha rangi ya kahawia, chenye harufu kali kuliko kawaida. Hicho ni cha kawaida. Vijipande vya rangi ya chungwa vinavyofanana na nyama, vikionekana mara moja moja kwa kuku mchangamfu, ni utando wa utumbo unaobanduka. Damu halisi pamoja na kuku aliyejikunyata ni habari nyingine.

Mtaalamu wa mifugo amethibitisha. Dawa ni amproliamu kwenye maji kwa kiwango cha asilimia 0.024 kwa siku tano, kisha asilimia 0.006 kwa siku saba. Kwa unga wenye amproliamu asilimia 20, hiyo ni gramu 1.2 kwa lita, halafu gramu 0.3 kwa lita. Pakiti zenye nguvu tofauti zina hesabu tofauti, kwa hiyo asilimia isomwe kwenye lebo kwanza. Maji mengine yote yametolewa. Yanachanganywa mapya kila siku, lita 5. Vitamini za kwenye maji zimesimamishwa: amproliamu hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini B1, na anayewapa kuku mchanganyiko wa vitamini B siku hizo hizo anamlisha kimelea kile anachonyimwa.

Chanzo kinachoshukiwa kimeonekana bila shida. Maji ya paa yanadondokea mbele ya mlango mdogo, na pale ndipo wote 38 wanapokanyaga. Mayai ya koksidia hukomaa na kuwa hatari ndani ya siku moja au mbili yakipata joto na unyevu, nao waliuleta udongo huo ndani kwa miguu. Mfereji wa bati umefungwa chini ya mapaa. Tope limechotwa sentimita 10, pamejazwa kokoto na kuwekwa ubao wa kukanyaga. Uwanja umefungwa siku tano.

Siku ya 53

Hakuna damu mpya. Mmoja wa waliojikunyata amekufa, mwingine anakula. Wamebaki 37. Aliyekufa ndiye yule wa gramu 330.

Siku ya 56

Dawa imeshuka kwenye kiwango kidogo. Kokoto ni kavu, uwanja umefunguliwa. Wote wameingia wenyewe saa kumi na mbili na dakika ishirini.

Ratiba ya awali ilisema wiki ya nane ndiyo ya kuanza chakula cha kukuzia. Imesogezwa. Utumbo unaojitengeneza haubadilishiwi chakula.

Siku ya 59

Kuku mmoja ana jeraha juu ya mkia. Ametengwa kwa kizimba cha wavu ndani ya banda hilo hilo, wenzake wakimwona, ili asirudi mgeni. Kudonoana kumeanza pale jua la saa nane linapoingilia dirisha la magharibi. Limepunguzwa kwa mkeka. Mafungu mawili ya majani mabichi yametundikwa usawa wa kichwa: kuku anayerukia majani hana muda wa mkia wa jirani.

Siku ya 63

Dawa imekwisha jana. Leo chakula cha vifaranga robo tatu, cha kukuzia robo. Siku ya 65 nusu kwa nusu, ya 67 robo kwa robo tatu, ya 69 cha kukuzia pekee. Protini inashuka kutoka karibu asilimia 19 hadi 16. Chakula cha kuku wanaotaga kisiguswe hata kama kimebaki gunia zima: kalisi yake, karibu asilimia 4, huharibu figo za kuku asiyetaga.

Siku ya 70

Wote 37 wanalala juu ya fito. Zimeinuliwa hadi sentimita 45, na usiku wa leo wanne wameshindwa kupanda, kwa hiyo umewekwa ubao wa kupandia wenye vijiti kila sentimita 15. Aliyejeruhiwa amerudi kundini siku ya 66 bila ugomvi. Maranda yamefikia sentimita 11, bado makavu. Viota vitabaki vimezibwa hadi wiki ya 16. Chanjo ya ndui imepangwa siku ya 75, baada ya siku sita za chakula kipya.